Mchaichai na mnanaa: jinsi ya kuotesha vyote viwili bila kimoja kukufia

Kuna kosa nimelifanya mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa najiona mjanja. Nilichukua karai lililotoboka, nikajaza udongo, nikapanda mchaichai upande huu na mnanaa upande ule, nikaliweka uwanjani panapopiga jua kali, nikawa namwagilia asubuhi na jioni huku najisemea majani ya kununua sokoni sasa basi. Wiki ya tatu mnanaa umekauka umekuwa kama tumbaku, mchaichai umenenepa kama hakuna kilichotokea. Mwaka uliofuata nikasema kumbe tatizo jua, nikahamishia karai chini ya mwembe. Hapo mnanaa ukachangamka kidogo ila mchaichai ukawa mwembamba, mrefu, unalala lala, ukifikicha jani harufu ni ya kubembeleza. Na mwisho wa siku mnanaa ukafa vilevile, maana nilipochimba nikakuta mizizi ya mchaichai imejaa karai zima, mwenzie hana hata pa kupumulia.

Kwa hiyo kabla ya yote shika hili moja. Mchaichai unapenda jua na unapenda moto, mnanaa unaogopa vyote viwili. Hilo ndo mi nalitumia shambani na jikoni, na mambo mengi ntakayoandika hapa yanarudi hapohapo.

Ukitaka kuelewa kwanini, angalia koo zao. Mchaichai ni nyasi, ukoo mmoja na mahindi, mtama na muwa, asili yake Asia ya kusini huko kwenye joto. Ukishajua ni nyasi umeshajua karibu kila kitu, kwamba unataka jua la kutosha, unapenda kukatwa, unakula mbolea, na ukiukuta umechoka ukiupa maji siku tatu unarudi. Mnanaa jina lenyewe limetoka kwa Waarabu, nanaa, na ni ndugu wa mrehani, hebu shika shina lake ulizungushe kwenye vidole utasikia lina kona nne kama la mrehani. Ila mrehani unavumilia jua, mnanaa asili yake ni sehemu zenye unyevu, kandokando ya vijito na mitaro, huko Ulaya na Asia. Sasa chukua mmea wa kandokando ya kijito uupande Dar mwezi wa pili kwenye mchanga mtupu, unategemea nini.

Hapo nimesema Dar kwa sababu ndo niliko. Kule Lushoto kwa shangazi yangu habari ni tofauti kabisa. Yeye alipanda kijitawi kimoja cha mnanaa pembeni ya tuta la mchicha, kule ni baridi na udongo una unyevu, baada ya mwaka mmoja tuta lote mnanaa, mchicha umebaki wa kuhesabu, na mpaka leo anang'oa unarudi. Anauita gugu. Huku kwetu mnanaa unalelewa kama bibi harusi, kule unafukuzwa na jembe. Mchaichai wake ndo unadumaa, unakuwa taratibu mno miezi ya baridi. Na ukiwa sehemu zenye umande wa barafu asubuhi kama Kinangop kule Kenya, mchaichai wa nje unaungua kabisa majani, afadhali uwe kwenye ndoo uuingize ndani miezi hiyo. Kwa hiyo unaposoma hapa chini jiulize kwanza we uko wapi.

Pa kupata miche

Hapa hamna haja ya kununua mbegu za pakiti, na naomba nikuokolee hela yako. Mchaichai huu wa chai kwa kawaida hautoi maua wala mbegu, unaoteshwa kwa kugawa kichaka tu. Mnanaa mbegu zake zipo ila hazitabiriki, unaweza kupanda ukapata mmea unaonuka vizuri na mwingine jirani yake hauna harufu kabisa. Na ule mnanaa mkali wa menthol, yaani ile baridi inayosikika kooni, wenye majani meusi meusi na shina la zambarau, ule ni chotara, hauzai mbegu. Mtu akikuuzia mbegu za huo ujue kakuuzia kitu kingine.

Mchaichai tafuta jirani mwenye kichaka, muombe vishina vitatu, hakuna anayekataa maana kila mwenye nao anao mwingi. Ukinunua sokoni angalia kitu kimoja, mafungu mengi yanayouzwa yamekatwa majani matupu, hayo hata uyabembeleze hayaoti. Unataka kishina kizima chenye kitako, ile sehemu nyeupe ngumu ya chini iliyovimba, na ikiwa na vijizizi viwili vitatu vilivyokauka ndo bora zaidi. Ukifika nyumbani kata majani ya juu ubakize kishina kama cha sentimita kumi na tano hadi ishirini, hii watu wengi wanaona uchungu kuifanya lakini majani marefu yananyonya maji wakati mizizi bado haipo. Weka kwenye glasi yenye maji ya kufika vidole viwili, dirishani panapoingia mwanga, badilisha maji kila baada ya siku mbili. Wiki moja mpaka tatu utaona mizizi myeupe. Ikishafika urefu wa kidole panda, kitako kizame kama sentimita tano, usizamishe sana kinaoza. Kama kishina kilikuja na mizizi yake kutoka kwa jirani hata glasi huna haja nayo, panda moja kwa moja, na ukiweza fanya hivyo masika au vuli mvua zikusaidie kazi.

Mnanaa chukua kijitawi cha sentimita kumi hadi kumi na tano ambacho hakijatoa maua. Kata chini kidogo ya kifundo, yaani pale majani mawili yanapotokea, maana mizizi inatokea hapohapo, toa majani yote ya chini ubakize manne sita ya juu, tia kwenye glasi. Huu usiuweke kwenye jua hata kidogo. Siku saba mpaka kumi na nne una mizizi. Hata ule wa supamaketi uliofungwa kwenye plastiki unaota kama haujanyauka sana, mi wangu wa sasa hivi ulitoka huko, nilinunua kwa ajili ya juisi ya futari nikabakiza vitawi vitatu, viwili vikashika.

Na kabla hujapanda, kaangalie una mnanaa gani. Wenye majani ya kijani cha kung'aa, yamejikunja kunja, harufu tamu tamu isiyokwenda puani, huo ndo wa jikoni, wa chatne na juisi. Wenye baridi inayoshuka mpaka kooni ndo ule chotara, mzuri wa chai ya mafua ila ukiutia kwenye kachumbari ni kama umekamulia dawa ya meno. Mchaichai nao una ndugu yake anayefanana naye sana, wenye vitako vyekundu vyekundu na harufu kali ya sabuni, ule wanakamulia mafuta ya sitronela. Hauliki vizuri, chai yake inakera. Wetu kitako ni cheupe kwenda kijani na ukifikicha jani unasikia limau.

Udongo, chombo na jua

Mchaichai upe ndoo ya lita ishirini, zile za rangi zinafaa ukiosha vizuri, toboa matundu sita saba chini. Chombo kidogo kuliko hapo utaendelea kuishi nao ila hautanenepa, na ndani ya mwaka mizizi itapasua kopo, nimeona kwa macho yangu kopo la plastiki limechanika ubavuni. Udongo wake si wa mashaka, debe moja la udongo, nusu debe la samadi iliyooza kabisa, mchanga kidogo kama udongo wako ni wa mfinyanzi. Kinachotakiwa ni maji yasituame. Ukiwa na ardhi panda kila kishina mbali na mwenzie kama sentimita 60 hadi 90, utaona ni mbali mno mwanzoni, subiri tu, unafika mita moja na zaidi kwenda juu na kupanuka vilevile. Jua lisipungue saa sita kwa siku.

Mnanaa chombo chake ni kipana, si kirefu. Beseni la zamani, karai, hata dumu la lita kumi lililolazwa ukalikata ubavu, maana mizizi yake haiendi chini, inatambaa. Udongo uleule ila ongeza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa au majani yaliyooza ili ushike maji, mchanga mtupu wa Pwani hauwezi, maji yanapita kama yanakimbia deni. Mahali pake ni ukuta wa upande wa mashariki wa nyumba, jua la asubuhi linaugusa mpaka karibu na saa sita mchana, baada ya hapo nyumba yenyewe inautilia kivuli. Kama huna ukuta huo, hapa ndo nilipopata akili baada ya karai mbili kufa, weka ndoo ya mchaichai upande wa magharibi wa beseni la mnanaa. Mchaichai ukirefuka unakuwa pazia la jua la mchana. Wako jirani, kila mtu na chombo chake, hakuna anayemnyang'anya mwenzie maji.

Ukiwa milimani na unataka mnanaa ardhini, kata kitako cha ndoo kuukuu, ifukie mpaka mdomo ubaki nje kama vidole vitatu, panda humo. Vitambazi vyake vikifika ukingoni vitajaribu kuruka juu, we kata. Shangazi kanisikia amechelewa.

Maji ndo panapoua watu wengi. Mchaichai wa ardhini ukishashika, kiangazi kila siku ya tatu au ya nne unatosha, mvua zikinyesha usahau kabisa. Wa kwenye ndoo ni kila siku moja unaruka moja, joto likizidi kila siku. Ingiza kidole, pakiwa pakavu mpaka kiungo cha pili mwagilia. Mnanaa wala usisubiri kidole kikuambie, udongo wake uwe na unyevu muda wote, kiangazi kila asubuhi, na siku za joto la Januari na Februari ukichungulia jioni ukakuta umelala mpe tena. Ila unyevu si dimbwi. Kisahani cha chini kikijaa maji kikakaa siku mbili mizizi inaoza na mbu wanazaliana juu yake, unakuwa umewafuga mwenyewe. Maji ya kuoshea mchele mi napeleka kwenye mnanaa, hayana chumvi na yanatosha beseni.

Mbolea: mchaichai ni mlafi, kila ukiuvuna sana mpe viganja viwili vya samadi pembeni, si juu ya kitako. Mnanaa mpe kidogo, kila mwezi na nusu kiganja kimoja, ukiuzidishia unakuwa na majani makubwa mazuri ya picha, harufu hamna. Na mbolea ya kuku mbichi usithubutu kwa yeyote kati yao, inaunguza, iache ioze kwanza. Speaking ya kuku, wale wa jirani wakigundua beseni lako lenye udongo laini watalifanya uwanja wa kuchakura, weka wavu au matawi ya michongoma juu mpaka mnanaa ufunike udongo.

Wadudu na magonjwa ni habari ya mnanaa zaidi. Geuza majani uangalie chini, ukikuta vidukari vya kijani au utando mwembamba kama wa buibui ambao ni dalili ya utitiri, tia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, nyunyiza jioni chini ya majani, rudia baada ya siku nne tano. Usivune kula siku hiyo, na ukivuna osha. Ukiona vidoa vya rangi ya chungwa kama vumbi la kutu kwa chini, hiyo ni kutu kweli ndo jina lake, kata mmea wote mpaka karibu na udongo, majani uyachome au uyatupe mbali, usiyatie kwenye mboji. Utachipua upya. Mchaichai nao unapata kutu ya michirizi ya kahawia kwenye majani ya zamani, ondoa hayo, basi.

Kuvuna

Mchaichai subiri miezi minne mpaka sita kwanza. Najua ni mingi, na najua utaanza kuiba jani moja moja wiki ya sita, iba ila ya pembeni. Ukishakomaa kata majani sentimita kumi hadi kumi na tano juu ya udongo, baada ya mwezi mmoja miwili yamerudi. Kama unataka vile vishina vyeupe vya kupikia, shika kimoja cha pembeni chini kabisa, kizungushe huku unakivuta, kinatoka na kitako. Vaa mikono mirefu. Majani yale pembeni ni wembe, na huwa huyasikii mpaka umtie ndimu samaki jioni ndo unagundua vidole vyote vimechanika. Kila baada ya miaka miwili mitatu katikati ya kichaka panakufa panakauka, hapo kichimbue kizima, kipasue kwa panga mafungu manne, panda upya yale ya pembeni na mengine gawa.

Watu wanasema mchaichai unafukuza nyoka. Mi naangalia kichaka cha jirani yangu ambacho hakijasafishwa mwaka wa ngapi sijui, majani makavu yamerundikana chini, panya wamefanya kota. Panya wakiwepo nyoka anafuata chakula chake, mchaichai au si mchaichai. Safisha majani makavu, yatandaze juu ya udongo wa miche mingine yanazuia maji yasikauke.

Kuhusu mbu, hilo nalo tuseme ukweli. Harufu ile iko ndani ya mafuta, na mafuta yako ndani ya jani, mmea ukikaa tu dirishani haufukuzi mtu. Lazima jani lipondwe au mafuta yakamuliwe, na hata hapo nguvu yake haidumu, na yanayouzwa kwa ajili ya mbu mengi yanatoka kwa yule ndugu yake mwekundu. Chandarua kibaki palepale.

Mnanaa ni kinyume, usisubiri. Ukifika sentimita kumi na tano anza kukata ncha, kata juu kidogo ya majani mawili, pale pale yatachipua matawi mawili badala ya moja. Asiyekata ndo anaishia na vijiti virefu vyenye majani matatu juu. Ukiona vimaua vinataka kutoka kata mapema, maana ukichanua majani yanapungua utamu. Na mara mbili tatu kwa mwaka ukate wote ubaki vidole viwili juu ya udongo, mpe samadi na maji, jirani atakuuliza mbona umeua mmea, mwambie arudi baada ya wiki tatu. Beseni likijaa mizizi, kwa kawaida kila mwaka, ling'oe lote, gawa, udongo mpya.

Jikoni

Turudi kwenye moto. Mchaichai jani lake ni gumu, mafuta yake yamejificha ndani ya nyuzi, ukilimwagia maji moto tu unapata maji yenye rangi ya huzuni. Unataka kuchemka. Kwa vikombe vinne vya maji chukua majani marefu manne, yasokote fundo moja ili yasikusumbue kwenye chujio, tia na tangawizi iliyopondwa, chemsha dakika tano mpaka kumi, maji yabadilike yawe ya kijani cha njano ndo utie majani ya chai na sukari. Na maziwa vilevile inakubali, ila maziwa tia baada ya mchaichai kushachemka na maji. Wengine wanatia iliki humohumo, mi naona iliki inaufunika, chagua moja.

Mboga sisi tunautumia kidogo mno, Wathailand ndo wametupita, supu yao ya tom yum kishina hiki ndo msingi. Jaribu hii: chukua vishina viwili, toa maganda ya nje, pondaponda kwa mgongo wa kisu, tia kwenye tui la samaki tangu mwanzo, uvitoe kabla ya kupakua maana ni nyuzi tupu mtu atadhani kala kamba. Au fundo la majani kwenye wali wa nazi wakati unapalia. Mama mkwe wako hatajua ni nini, atauliza tu umetia nini humu.

Mnanaa ukiuchemsha umeumaliza. Jani laini, mafuta yako juu juu, dakika chache za kutokota harufu yote imepanda na mvuke imenukisha jiko, kikombeni kimebaki kitu cha kijani cheusi chenye uchungu. Kwa kikombe kimoja chuma majani kumi, yapige kofi katikati ya viganja, kofi moja tu, tia kikombeni, epua maji, yakishatulia kidogo mimina, funika na kisosi dakika tano. Hicho kisosi si urembo, ukikifunua utaona matone chini yake, yanuse, harufu iko hapo, ndiyo iliyotaka kukimbia. Wamoroko wanautia kwenye chai ya kijani ya Kichina na sukari nyingi kwelikweli, ukipata ile chai ya kijani jaribu, ndo utaelewa kwanini hawataki kingine.

Juisi ya ndimu na mnanaa, kosa ni kuusaga sana. Saga ndimu, sukari na maji kwanza, mnanaa utie mwishoni, washa blenda hesabu mpaka tatu, zima. Ukiuacha unazunguka juisi inageuka rangi ya bwawa na inakuwa chungu. Chatne ya bajia nayo: viganja viwili vya mnanaa, kiganja cha kotmiri, pilipili mbichi mbili, punje mbili za kitunguu saumu, chumvi, ndimu moja, mtindi vijiko vitatu au nazi iliyokunwa ukipenda, saga kwa maji kidogo sana. Kwenye kachumbari majani matano yaliyokatwakatwa yanatosha sinia zima. Na tikitimaji lililokatwa vipande likatiwa ndimu na mnanaa likakaa frijini saa moja, mchana wa Dar, sina la kuongeza.

Kuhifadhi ni haraka: mnanaa uweke kama maua kwenye glasi ya maji ndani ya friji, uvike mfuko wa plastiki juu, wiki nzima uko hai. Au tia majani kwenye kile kitray cha barafu, jaza maji, gandisha. Mchaichai vishina vyake gandisha vizima, majani yakatekate vipande vifupi kwanza ndo uanike kivulini, ukianika marefu huku Pwani kwenye unyevu yanaota ukungu kabla hayajakauka. Jua moja kwa moja usitumie kwa yeyote, linakausha harufu pamoja na maji. Ajabu kidogo, maana mchaichai ukiwa hai unaliomba hilohilo jua.

Tahadhari fupi. Mwenye kiungulia cha mara kwa mara mnanaa unaweza kumzidishia, hasa ule wa menthol, unalegeza ule mlango wa juu wa tumbo asidi inapanda, kwa hiyo anayekunywa chai ya mnanaa usiku ili alale vizuri na anaamka kifua kinawaka ajue. Mafuta ya mnanaa au ya menthol usimpake mtoto mchanga usoni wala puani, yanaweza kumbana pumzi. Mjamzito kikombe cha kawaida cha chai si kesi, ila madozi makubwa na mafuta yaliyokamuliwa aachane nayo, amuulize mkunga wake kliniki.

Kama una nafasi ya kimoja tu: nyumba ya kupanga, kibaraza kinapigwa jua kutwa na unasafiri safiri, chukua mchaichai, unaweza kuusahau wiki ukaukuta. Kibaraza chenye kivuli na uko nyumbani kila siku, chukua mnanaa, utakula mapema zaidi, wiki ya sita hivi ushaanza kuchuma. Ukiwa navyo vyote, chai yangu ya jioni iko hivi, chemsha fundo la mchaichai na kipande cha tangawizi dakika kumi, zima jiko, sukari, subiri maji yaache kutokota, dondosha majani ya mnanaa, funika sufuria na mfuniko wake, kaoge kwanza ndo uje unywe.